Papa, Sasa Tunalijua Umbo la Ile Sumu

Papa wangu mpendwa,

Hapa Kampala watu huniuliza mara kwa mara niliingiaje katika kazi hii ya kukaa mbele ya kompyuta nikitafuta umbo la protini za sumu ya nyoka. Wakiwa na haraka nawaambia nilipenda biolojia shuleni. Wakiwa na nafasi ya kusikiliza, nawaeleza habari zako. Leo nataka nikusimulie wewe mwenyewe, ingawa mengi ulikuwepo, kwa sababu kuna mambo ambayo sikupata kukushukuru vya kutosha, na wiki hii limetokea jambo ambalo wewe ndiye ulistahili kulisikia kwanza.

Ulipofika Ntoto, kijijini kwetu Kongo, nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza najifunza kusoma. Baba aliyenizaa alikuwa amekufa na sura yake siikumbuki. Mama alilima mihogo na maharagwe peke yake. Wewe ulikuja kutoka Butembo na chumvi, sabuni, mapanga na betri za redio, ukafungua duka karibu na kanisa. Watu walisema yule Munande, mtu wa kabila la Butembo, atakaa msimu mmoja tu, tope la kwetu Walikale litamrudisha kwao. Tope lilikuja, nawe ukabaki. Kisha ukamuoa Mama, na nyumbani kwetu kukawa na redio, na viatu vikubwa mlangoni.

Nilikuita Papa Kambale, kama kila mtu kijijini alivyokuita. Hukuniambia nikuite vingine. Jumapili uliimba kanisani kwa sauti kuliko wanaume wote, na wimbo wenyewe ulikuwa umekupita mbali. Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Mimi nilikuwa nakutazama tu. Nadhani nilianza kukupenda pale, katika zile nyimbo ulizoziharibu kwa furaha.

Siku ya nyoka nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza shule ya msingi. Mama alikuwa anang'oa maharagwe, mimi naokota kuni pembeni, pale shamba linapokutana na msitu. Nilivuka gogo. Nilihisi kama mtu amenipigilia msumari wa moto kwenye mguu, karibu na vidole. Mama alikuja mbio, akamuona nyoka akijivuta taratibu chini ya majani: mfupi, mnene, mgongo wake umepambwa kama mkeka. Kifutu wa msituni. Mama hakupiga kelele. Alinibeba mgongoni hadi dukani kwako, na tulipofika mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti.

Nakumbuka duka likijaa watu. Mmoja alileta jiwe jeusi akalibandika kwenye jeraha. Mwingine alinifunga kamba. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja, akaifungua ile kamba, akasema mbele ya wote, "Hapa hakuna dawa ya nyoka. Iko hospitali ya Masisi tu."

Ndipo Noko, kaka yake Mama, alipokushika mkono. Alikuwa na mtu wake ng'ambo ya mto, mzee aliyejua kutibu walioumwa na nyoka kama wazee wake walivyotibu. "Kambale, weye ni mugeni," alikuambia. "Hii nyoka ni ya kwetu. Tuko naijua."

Wewe ulivua kofia. Namuona kila mtu aliyekuwa pale akingoja useme nini. "Noko, niko nakuheshimu," ulisema. "Tukirudi, kuku nitaleta miye mwenyewe, mufanye yote desturi inaomba. Lakini sasa tuko naenda Masisi."

Ulinifunga mgongoni mwako kwa kitenge cha Mama kama mtoto mchanga, nikiwa msichana wa urefu ule, ukawasha pikipiki. Tulikwenda hadi pale daraja la miti lilipokuwa limechukuliwa na maji. Uliiacha pikipiki porini, ukaingia mtoni na maji kiunoni. Upande wa pili vijana wa kijiji waliotufuata kwa pikipiki nyingine walinikatia tipoi, machela ya miti, wakanibeba kwenye njia ya miguu kuelekea Nyabiondo. Wewe ulitembea pembeni, mkono wako kwenye paji la uso wangu. Ufizi wangu ulikuwa umeanza kutoa damu. Nilionja chumvi mdomoni, nikajua nakufa, nikasema, "Papa, usiniache."

Sikusema Papa Kambale. Nilisema Papa.

"Niko hapa," ulinijibu. "Papa yako iko hapa. Hapana kulala, mama. Nihesabie vitu vya duka. Tuanzie ku chumvi."

Nilikuhesabia duka zima. Chumvi, sabuni, kiberiti, mafuta ya mawese, na nilipofika mwisho uliniambia nianze tena. Kabla ya Nyabiondo tulikuta kamba imekatiza njia na wanaume wenye bunduki. Hukubishana nao. Ulifunua kitenge, ukawaonyesha mguu. Waligeuza nyuso zao, wakateremsha kamba. Kutoka Nyabiondo ulipata pikipiki ya mtu, nikakaa kati yako na dereva, na sehemu iliyobaki siikumbuki.

Hospitalini dawa ilikuwepo. Mpaka leo nikitaja hilo kwa wenzangu wa maabara hushangaa, maana wanajua ni hospitali ngapi hazina. Damu iliacha kutoka. Niliishi. Lakini nyama ya mguu iliendelea kuwa nyeusi, na daktari akalazimika kunikata vidole viwili.

Alipokuja kukuambia, ulimuuliza swali, na nilikuwa macho nikasikia. "Dokta, aksanti sana. Dawa imemuokoa. Sasa juu ya nini vidole vinaoza?"

Yule daktari alikuwa kijana, amechoka, na angeweza kukujibu ovyo. Alivuta kiti, akaketi. "Papa, hii dawa inatoka mu damu ya farasi," alisema. "Banamuingizia farasi sumu kidogo kidogo mupaka damu yake inajifunza kupigana nayo. Njo ile tunachukua. Mu damu ya mutoto inafanya kazi muzuri. Lakini chembe zake ni kubwa, haziingii mbio mu nyama, na sumu imeisha kufika kule mbele yake."

"Basi batengeneze zenye kuwa ndogo."

Daktari alicheka, lakini si kwa dharau. "Bado, Papa. Pengine siku moja."

"Haya," ulisema, ukarudi kuketi kwenye ndoo yako iliyopinduliwa kando ya kitanda changu. Kwako maneno yaliishia pale, ulikuwa na mengine ya kuhangaikia. Mimi niliyabeba kutoka Masisi hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi huku.

Kuku ulileta, kama ulivyoahidi. Noko na wazee walifanya desturi yao pembeni ya shamba, wakaomba nyoka asirudi kwa mtoto yule. Wewe, Mkatoliki wa rozari mfukoni, ulisimama katikati yao umeshika kuku miguu, na walipomuhitaji akakuponyoka akakimbilia kwenye mihogo. Noko mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile hakukuita mgeni tena.

Nilichelewa kutembea vizuri. Ulipokuwa unakwenda Butembo kununua mali, ulipima mguu wangu kwa uzi, ukampelekea fundi wa viatu kule, akashona kiatu chenye kipande cha sponji mbele, pale vidole visipokuwepo. Kila mguu ulipokua ulipima upya. Uliponipeleka shule ya bweni Mushaki, wasichana walikitazama kiatu changu wakanong'onezana. Uliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, ukawaambia, "Huyu njo mutoto yangu. Alishinda nyoka." Basi nikawa na sifa bweni zima kabla sijafungua sanduku.

Kuna jambo ambalo Mama aliniambia baadaye tu. Ndugu zako wa Butembo walikuuliza kwa nini unasomesha mtoto wa mtu mwingine hadi chuo kikuu. Uliwajibu swali kwa swali: "Mwingine nani?" Mama anasema ulikuwa hutanii. Ulikuwa kweli hujui wanamzungumzia nani.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile uliyokuja Kampala kununua vitenge, ukapita maabara hii ninayofanyia kazi kunisalimia. Ulikuwa umevaa koti lako la misa. Ulitarajia kukuta nyoka kwenye vioo, ukakuta meza, nyaya na kompyuta. "Nyoka iko wapi?" uliuliza, na wenzangu wote wakainua vichwa.

Nilikuketisha kwenye kiti changu. Nilikueleza kwamba sumu ya kifutu ni mchanganyiko wa protini, na protini ni mnyororo wa chembe ndogo zilizofuatana. Ulitoa rozari mfukoni. "Kama hii?"

Kama hiyo, nilikuambia. Lakini rozari ukiitupa mfukoni inajikunja ovyo, leo hivi, kesho vile. Protini hujikunja yenyewe, na karibu kila mara kwa umbo lilelile, na umbo ndilo linaloipa kazi yake. Mpangilio wa zile shanga tulikuwa tunaujua. Umbo la protini hii moja ya kifutu wa kwetu hakuna aliyekuwa amelipima. Kulipima kwa mashine kubwa kunataka mali na muda mrefu. Kwa hiyo tuliipa kompyuta mpangilio wa shanga, ikatutabiria umbo.

"Yenyewe ilijuaje?"

"Imesoma maumbo mengi ambayo watu walishayapima, Papa. Imejifunza shanga gani hupenda kukaribiana na zipi hukimbiana. Sasa ukiipa mnyororo mpya, inakisia."

Nilizungusha umbo kwenye skrini. Sehemu kubwa ilikuwa ya buluu, na pembeni kulikuwa na mkunjo wa rangi ya machungwa unaoning'inia. Ukauliza rangi ile ni ya nini. Nikakuambia kwamba penye buluu kompyuta ina uhakika, na penye machungwa inakiri yenyewe kuwa haijui vizuri.

"Nimependa mashini yenye kusemaka sijui," ulisema, na mkuu wangu wa kazi, mama mmoja mkali ambaye sikuwa nimewahi kumuona akicheka na mgeni, alicheka.

Kisha nilikuonyesha bonde lililo katikati ya lile umbo. Hapo, nilisema, ndipo inapokata nyama ya mtu. Uliinama karibu kabisa na skrini.

"Ni hii njo ilikula vidole vyako?"

"Hii, na ndugu zake."

Uliweka kidole juu ya lile bonde, ukaacha alama kwenye kioo. "Basi muizibe kinywa."

Ndiyo kazi yenyewe, nilikujibu. Tunachora kwa kompyuta protini ndogo sana, ndogo kuliko zile za damu ya farasi, itakayoingia kwenye nyama haraka na kukaa palepale kwenye bonde kama kizibo. Ukatikisa kichwa kwa kukubali, kana kwamba nimekuambia nitapaka ukuta chokaa. Halafu ukaniuliza kama chakula cha Kampala kinanifaa.

Haikuwa chokaa. Zile za kwanza tulizochora zilikuwa nzuri ajabu kwenye skrini. Tulituma michoro kwa wenzetu wenye maabara ya kuzitengeneza, wakazitengeneza, wakazichanganya na sumu, na hakuna hata moja iliyoishika. Sumu ilikata kama kawaida yake. Nilikupigia nikilia. Wakati ule vita vilikuwa vimewatoa Ntoto, duka lilikuwa limevunjwa, na wewe na Mama mlikuwa Butembo mkiuza sabuni kwenye meza sokoni. Nilijua hayo yote, na bado nilikulilia juu ya protini.

"Umekula?" uliniuliza.

"Papa, nimesema kazi yote imekufa."

"Nimesikia. Umekula?"

"Hapana."

"Kula kwanza. Kesho utafungua tena. Miye pia kesho niko nafungua."

Nilikula. Kesho yake nilifungua tena. Ilituchukua muda kuelewa kosa letu: kizibo chetu kilikuwa kimejishikiza kwenye ule mkunjo wa machungwa, mahali ambapo kompyuta ilikuwa imetuonya kwamba haijui. Mkunjo ule hautulii, unayumba huku na huku, na sisi tulikuwa tumeujengea kama mwamba. Tukaanza upya, tukashikiza kwenye buluu peke yake.

Katikati ya kazi hiyo ya pili ndipo ulipoondoka. Tension, walisema, shinikizo la damu. Ulianguka pale kwenye meza yako ya sabuni, asubuhi, ukiwa unaongea na mteja. Niliwahi mazishi. Kanisa lilijaa watu wa Butembo nisiowajua, na wengine wa Ntoto waliokimbilia huko, Noko akiwa mmoja wao, amevaa shati la kuazima. Waliimba vizuri, Papa. Kila mtu alikuwa kwenye wimbo. Nilikaa mbele na Mama tukisikiliza jinsi ulivyokosekana.

Muda umepita tangu siku hiyo, na sasa nifike kwenye habari ya wiki hii.

Jumanne, nikiwa ndiyo nafika kazini na mwavuli bado unachuruzika, mkuu wangu aliniita kwenye meza yake. Aligeuza skrini. Wenzetu walikuwa wametuma picha za chembe hai za nyama zilizooteshwa kwenye vyombo. Katika chombo kimoja waliweka sumu peke yake: chembe zimeraruka, zimebaki kama matambara. Katika kingine waliweka sumu pamoja na kizibo chetu: chembe zimekaa zimeshikana, nzima. Walirudia, ikawa vilevile. Wakarudia tena.

Nilitoka nje kwenye veranda. Sikufikiri. Nilichukua simu, nikatafuta jina lako, nikapiga. Nilijua hupo tena. Mkono ndio uliopiga.

Ikaita. Papa, ikaita, na mtu akapokea.

"Alo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake kuku na mtoto anayelia. "Alo, ni nani?"

Nilimuomba radhi. Nilimueleza kuwa namba hii ilikuwa ya baba yangu aliyefariki. Hakukata. "Pole, dada," alisema. "Miye nilinunua tu hii karte ya simu hapa Nyabiondo. Sikujua ilikuwaka ya mutu. Ulikuwa unataka kumuambia nini?"

Ningeweza kumjibu kwamba si kitu. Lakini alikuwa ameuliza kwa upole, nikamwambia. Nilimwambia habari ya kifutu, na mguu, na kwamba tumepata kitu kidogo kinachozuia sumu kula nyama. Kwenye vyombo tu, nilisema. Bado si dawa.

Nikasikia akimtuliza mtoto. "Shemeji yangu, nyoka kama ile ilimuluma mwaka huu," alisema. "Mu shamba ya maharagwe. Sasa anatembea na fimbo." Kisha akauliza, "Ile dawa itafika lini huku kwetu?"

Papa, wewe ulimuuliza daktari swali, nami nikalibeba hadi leo. Sasa nimeulizwa langu. Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia kwamba bado tutaijaribu kwa panya, halafu kwa wanyama wakubwa, halafu kwa watu. Kwamba nyoka wana sumu nyingi na sisi tumeziba moja. Kwamba ni miaka, na huenda isifaulu. "Sijui, mama. Kweli sijui. Lakini niko nafanya kazi."

"Bon," alisema. "Umesema kweli, ni muzuri." Nikadhani ataaga. "Basi, hii namba usiifute. Siku itakuwa tayari, unipigie. Miye sitaibadilisha."

Nilirudi ndani, nikakaa kwenye kiti kile ulichokalia, nikafungua protini ya pili. Ni ndugu wa ile ya kwanza, ina bonde pana zaidi na machungwa mengi zaidi, na sijui bado tutaishika wapi. Niliifanyia kazi hadi chakula cha mchana. Nilikula, usiwe na wasiwasi.

Aksanti, Papa, kwa mgongo wako siku ile mtoni. Aksanti kwa uzi wa kupimia mguu, kwa kuku aliyekuponyoka, kwa jibu ulilowapa ndugu zako. Aksanti kwa kuuliza, na kwa kuketi kusikiliza ulipojibiwa. Mama anakusalimu, ile meza sokoni anaisimamia yeye sasa, na anasema sabuni inatoka. Lala salama huko Butembo. Mimi niache niendelee, kuna mwanamke Nyabiondo anayengoja simu yangu.

Ni miye, binti yako.